Mgeni Bandarini: Hamburg, Antwerpen na Oostende mbele ya Msomaji wa Kiswahili

Vitabu vya kuwaongoza watalii havihesabiwi kuwa fasihi. Wahakiki huvipita kimya, kwa kuwa huandikwa kwa haraka, huchakaa baada ya misimu michache, na mara nyingi havina hata mtunzi mmoja wa kulaumiwa. Hata hivyo vinasomwa na watu wengi kuliko riwaya nyingi, na kwa mwanafunzi wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani anayepata nafasi ya kwenda kusoma Ubelgiji au Ujerumani, aghalabu ndivyo vinavyomweleza kwanza mji atakaofikia. Yafaa basi vihakikiwe kama maandishi mengine yoyote. Makala haya yanachunguza namna vitabu hivyo vinavyosimulia bandari za kaskazini ya Ulaya, yakivilinganisha na maandishi ya mwanamke aliyefika katika mojawapo ya bandari hizo mwaka 1867, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake za nyumbani, na maandishi mengine machache ambayo hayakukusudiwa kumwongoza mtalii.

Mtindo wa vitabu vya watalii unafanana ajabu, mji uwe Bergen, Lübeck, Hamburg au Antwerpen. Kwanza huja maji, kisha nyumba ndefu nyembamba zenye mapaa yaliyochongoka, kisha wafanyabiashara wa zama za kati: samaki mkavu wa Norwei aliyepita katika nyumba za mbao za Bryggen, chumvi iliyowekwa katika maghala ya matofali ya Lübeck kabla ya kuvushwa bahari ya Baltiki. Baada ya hapo msomaji huambiwa aende akale samaki, apande kivuko, apige picha ya machweo. Mambo hayo ni ya kweli, na baadhi yao ni mazuri kuyaona. Lakini mwenye mazoea ya sarufi hatakosa kutambua kwamba biashara ya bandari katika vitabu hivyo karibu haina mtendaji. Mji ulitajirika, maghala yalijaa, bidhaa za mbali zilifika. Kiswahili kina kauli ya kutendeka kwa ajili ya hali kama hiyo: kikombe kilivunjika, na aliyekivunja hatajwi. Mwongozo wa mtalii, ukifasiriwa kwa Kiswahili, ungejaa kauli hiyo tangu ukurasa wa kwanza.

Neno lenyewe la kuitajia ng'ambo hiyo lina historia mbili katika Kongo. Mtu wa Katanga husema Bulaya, yaani Ulaya, neno lenye asili ya Kiarabu lililoingia kutoka pwani ya mashariki pamoja na misafara. Jirani yake, au yeye mwenyewe siku nyingine, husema Poto au Mputu, neno lililopanda kutoka mlango wa mto Kongo na linalokumbusha jina la Wareno. Hivyo msemaji wa Kiswahili wa Kongo huzikaribia bandari za kaskazini kwa njia mbili: ile ya Unguja, iliyofungamana na Hamburg, na ile ya Matadi, iliyofungamana na Antwerpen. Mpango wa makala haya unafuata njia hizo.

Kabla ya hapo kuna neno jingine linalostahili kupimwa, nalo ni pwani. Limetokana na kitenzi kupwa, na maana yake ya asili ni mahali ambapo maji hupungua. Hamburg iko kiasi cha kilomita 100 kutoka baharini, juu ya mto Elbe. Antwerpen iko kiasi cha kilomita 80 ndani ya mto Scheldt, ambao wasomaji wa Kifaransa wanaufahamu kwa jina la Escaut. Mtu anayesimama katika gati za miji hiyo haoni bahari. Lakini mara mbili kwa siku maji hupwa na kujaa, zaidi ya mita 3 kule Hamburg na kiasi cha mita 5 kule Antwerpen. Neno la Waswahili basi linaifaa miji hiyo kuliko wanavyodhani wale wanaoiita miji ya mtoni tu. Kinyume chake Kalemie, Moba na Uvira, ambako watu hushinda ufukoni mwa ziwa kubwa, hazina pwani kwa maana hiyo. Mwalimu anayefundisha msamiati wa bahari mbele ya darasa ambalo halijaona maji yakipwa anaujua ugumu huo, na vitabu vya kufundishia havimsaidii.

Uhusiano wa Hamburg na Unguja ulitangulia ukoloni. Nyumba za biashara za Hamburg, kama vile O'Swald na Hansing, zilikuwa na mawakala kisiwani kabla ya mwaka 1860, na mwaka 1859 miji ya Hansa ilifanya mkataba wa biashara na Sultani. Zilinunua karafuu, pembe za ndovu na kauri. Kauri za Unguja zilipakiwa melini zikapelekwa Afrika ya Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Wakala mmoja wa Hansing, Rudolph Heinrich Ruete, alikaa jirani na Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa mwaka 1844. Mwaka 1866, akiwa mja mzito, Salme alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Mwaka uliofuata alibatizwa huko kwa jina la Emily, akaolewa siku ileile, akasafiri na mumewe kwenda Hamburg. Mume alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu ya farasi, akamwacha na watoto watatu wadogo. Kumbukumbu za Salme zilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Maandishi mengine, yaliyopewa umbo la barua za kupeleka nyumbani, hayakuchapishwa katika uhai wake. Yalitoka kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1993, na kwa Kijerumani mwaka 1999.

Kumbukumbu za mwaka 1886 zimesomwa mno kama dirisha la kuchungulia nyumba za wanawake wa Unguja, na wachapishaji wengi wameziuza kwa njia hiyo. Barua ndizo zinazohusu hapa. Ndani yake Salme anamsimulia rafiki wa kike wa Unguja habari za Ujerumani: baridi, mavazi, chakula, upweke wa mtu asiyejua lugha ya nyumba aliyomo, kisha ujane, wasimamizi wa mali waliowekwa kama sheria ya mji ilivyotaka, na fedha zisizotosha. Kwa umbo ni barua. Lakini zimeandikwa kwa Kijerumani, na haielekei kwamba rafiki huyo, ikiwa kweli alikuwako, angeweza kusoma hata mstari mmoja. Hili ndilo jambo lenye uzito kuliko mengine yote katika maandishi hayo, nalo wahakiki wa Ulaya wanaovutwa na kisa cha mapenzi na utoro hulipita upesi. Mwandishi anamwita msomaji wa nyumbani, huku anamwandikia msomaji wa pale alipo. Kila desturi ya Hamburg inaelezwa kana kwamba anayesikiliza hajawahi kuiona, na kwa njia hiyo Mjerumani anayesoma analazimika kuiangalia nyumba yake mwenyewe kama kitu cha ajabu. Vitabu vya watalii humfanyia msomaji kinyume chake: humwahidi mageni, kisha humpa yale aliyokwisha kuyatarajia.

Inafaa kuuliza kwa nini barua hizo hazikuandikwa kwa Kiswahili. Uwezo ulikuwapo. Salme alijifunza kuandika kwa siri, kwa hati za Kiarabu, katika nyumba ambamo mabinti hawakufundishwa zaidi ya kusoma. Na Kiswahili kilikuwa na mapokeo marefu ya kuandikwa kwa hati hizo. Kilichokosekana ni msomaji. Katika Hamburg ya miaka hiyo mtu aliyezungumza naye Kiswahili nyumbani alikuwa mumewe, na mumewe alikuwa kaburini. Lugha isiyo na wa kuijibu hubaki kinywani kama neno la mtu anayeota. Ndiyo maana mhakiki anayeyasoma maandishi hayo kwa jicho la taaluma ya Kiswahili hawezi kutosheka na kuyaita fasihi ya Kijerumani iliyoandikwa na mgeni. Ni kumbukumbu ya Kiswahili kilichonyamaza, na kunyamaza huko kuna tarehe na mahali pake.

Anayetafuta humo sifa za gati na merikebu atatoka na machache. Hamburg ya Salme ni mji wa ndani ya nyumba. Bandari ilikuwa karibu, lakini aliijua zaidi kwa yale iliyomletea na yale iliyomnyima. Hapo ndipo ulinganisho unapofika penye manufaa. Sehemu ya Hamburg inayosifiwa mno na vitabu vya watalii ni Speicherstadt, safu za maghala ya matofali mekundu yaliyosimama juu ya maji, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2015. Vitabu hivyo huiita Hamburg ya kale. Ujenzi wake ulianza mwaka 1883, na bandari huru ikafunguliwa mwaka 1888. Ili kupata nafasi, watu wapatao 20,000 walitolewa katika makao yao. Kitabu cha Salme kilikwisha kutoka mwaka 1886. Kwa maneno mengine, kumbukumbu za mwanamke wa Unguja zilitangulia ule ukale anaoonyeshwa mtalii. Na mji alioufikia yeye nao ulikuwa umejengwa upya kwa sehemu kubwa, kwa kuwa moto wa mwaka 1842 uliteketeza katikati yake. Mwongozo unaotumia neno kale kwa wepesi namna hiyo haumdanganyi msomaji juu ya miaka tu. Unamficha ukweli kwamba maghala hayo yalijengwa katika muongo uleule ambamo mataifa ya Ulaya yalikutana Berlin, mwaka 1884 na 1885, kuweka kanuni za kujigawia Afrika. Na kwamba ukubwa wake ulikuwa ukubwa wa shehena zilizotarajiwa.

Hata hivyo Salme naye ana kimya chake, na haifai kumpamba. Katika kumbukumbu zake mna sura nzima juu ya utumwa, na anautetea. Anawaambia Wazungu kwamba hawaelewi, kwamba mtumwa wa Unguja anatunzwa, kwamba Mwafrika asiposimamiwa hafanyi kazi. Karafuu zilizojaza maghala ya kwao, na baadaye maghala ya Hamburg, zilichumwa na watu walionunuliwa, waliotolewa bara, wengine ng'ambo ya Tanganyika. Msomaji wa Maniema hawezi kuipita sura hiyo kama anavyoipita mtu aliyekuja kutafuta habari za mavazi na vyakula. Binti huyo aliyeona kwa makini sana namna Wajerumani wanavyowatendea watumishi wao na wageni wao, hakuona lolote la kusahihisha katika nyumba ya baba yake. Uwezo wa mgeni wa kuona mambo ya ugenini haumfungui macho kwa yale ya kwao.

Mji wa Hamburg ulikutana na tatizo hilo kwa njia yake. Mwaka 2019 uwanja mdogo wa mtaa wa Uhlenhorst, alikokaa, ulipewa jina la Emily Ruete. Haukupita muda mrefu ikaamuliwa jina liondolewe, kwa hoja ya maneno yake juu ya utumwa na juu ya Waafrika. Hoja yenyewe ina haki. Lakini gati moja la bandari hiyo linaitwa O'Swaldkai, jina la ukoo wa wale walionunua karafuu, na jumba liitwalo Afrikahaus, lililojengwa mwaka 1899 kwa ajili ya nyumba ya biashara ya Woermann, limesimama katikati ya mji na sanamu zake za ndovu. Aliyeutetea utumwa kwa kalamu ameondolewa katika kibao. Waliofaidi mazao yake kwa daftari wamebaki katika ramani. Uhakiki unaoanza kwa mwanamke wa Unguja na kuishia kwake umefanya kazi nusu.

Njia ya pili ni ya Matadi. Kwa msomaji wa Lubumbashi, Antwerpen, yaani Anvers ya wazee, si mji wa mbali hata kidogo. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Sehemu kubwa ya shaba iliyohitaji kusafishwa ilipelekwa Hoboken, kiungani mwa Antwerpen, kando ya Scheldt. Reli ya kwenda Ilebo ilipokamilika mwaka 1928, njia ya reli, ya mto, ya reli tena na ya meli iliungana ikawa mikononi mwa Wabelgiji tangu tanuri hadi gati. Madini ya Shinkolobwe nayo yalikwenda Ubelgiji, yakatolewa radiumu huko Olen tangu mwaka 1922. Almasi za Kasai zilifika Antwerpen vilevile, na mtaa wa almasi una kurasa zake katika kila kitabu cha watalii. Hoboken haitajwi, maana haina mapaa yaliyochongoka. Mwanafunzi aliyekulia chini ya bomba la moshi la Lubumbashi, akiambiwa kwamba Antwerpen ni mji wa Rubens, mitindo na almasi, ameelezwa mji wa watu wengine. Kwake yeye Antwerpen ni mwisho wa reli iliyopita karibu na nyumba yao.

Msomaji bora wa bandari hiyo hakuwa mtalii wala mwandishi wa miongozo. Edmund Dene Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool, iliyoshiriki kubeba shehena za Dola Huru la Kongo, na mwishoni mwa miaka ya 1890 kazi yake ilimpeleka Antwerpen mara kwa mara. Alilinganisha kilichopakuliwa na kilichopakiwa. Meli zilifika zimejaa mpira na pembe. Zilirudi na maofisa, bunduki na risasi, huku bidhaa za kuwalipa wachumaji zikiwa chache mno. Akahitimisha kwamba waliotoa mpira huo hawakulipwa, na kwamba kazi yao ilikuwa ya kulazimishwa. Aliacha kazi mwaka 1901, na mwaka 1904 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kudai mageuzi katika Kongo. Hakuwahi kufika Kongo. Mwanzo wa yote aliyoyajua ulikuwa gatini na katika daftari za shehena. Kwa istilahi zilizotumika hapo juu, Morel aliichukua sentensi isemayo mpira ulifika akaigeuza isome mpira ulichumwa na watu hawa, chini ya bunduki za watu wale. Aliitoa katika kauli ya kutendeka akaitia katika kauli ya kutendwa, pamoja na mtendaji wake. Ni kweli kwamba Wakongo wenyewe hawasemi katika daftari hizo, na kwamba Morel aliwasemea kwa namna iliyowafaa wafanyabiashara wenzake wa Liverpool pia, waliochukizwa kufungiwa soko. Lakini kama somo la kusoma bandari, hakuna lililo fupi na lenye nguvu kuliko hilo.

Mtalii wa siku hizi, na hasa Mwafrika, hufika Antwerpen akiwa na jambo jingine akilini: mkono. Katika uwanja mkuu, Grote Markt, kuna chemchemi iliyochongwa na Jef Lambeaux na kuzinduliwa mwaka 1887. Inamwonyesha Silvius Brabo akiutupa mtoni mkono uliokatwa wa jitu Druon Antigoon, ambalo, kwa mujibu wa hekaya, liliwakata mikono mabaharia waliokataa kulipa ushuru wa kupita. Hekaya hiyo hutolewa kama asili ya jina la mji, yaani kutupa mkono. Wataalamu wa lugha hawaikubali, nao huliona jina hilo kuwa la mahali palipoinuka kando ya mto. Ni mfano safi wa etimolojia ya watu, wa kufundishia darasani. Mikono imeenea mji mzima: biskuti za umbo la mkono zilibuniwa mwaka 1934, zikafuatiwa na chokoleti; na kuta za jumba la makumbusho la MAS, lililofunguliwa mwaka 2011 penye mabwawa ya zamani ya bandari, zimepambwa kwa mikono midogo ya metali.

Mtu anayekumbuka mikono iliyokatwa katika Kongo ya Leopold wa Pili anapoona biskuti hizo dirishani husitishwa, na ana haki. Ila kuna usomaji unaoenea, hata katika insha za wanafunzi, unaosema kwamba mkono wa Antwerpen ni ungamo la mji juu ya Kongo. Usomaji huo ni mbovu. Hekaya ya Brabo ni ya karne nyingi kabla ya Dola Huru, na haisemi neno lolote juu ya mpira. Ukiifanya ungamo, unaupa mji sifa ya kukiri jambo ambalo haukulikiri. Kinachostahili kuhakikiwa ni kingine kabisa: kwamba mji ambao ulipokea mpira huo, ambamo magazeti yalisomwa na picha za watu waliokatwa mikono zikajulikana, uliendelea na alama hiyo bila mkono mmoja kuukumbusha mwingine. Hapo hakuna mafumbo. Kuna watu waliokula biskuti.

Na Wakongo walikuwapo mjini humo kwa miili yao. Katika maonyesho ya ulimwengu ya mwaka 1894 Wakongo 144 waliwekwa Antwerpen katika kijiji cha kuigiza ili watazamwe. Saba kati yao walikufa. Baadaye mabaharia Wakongo wa meli za Matadi walikaa kwa vipindi katika mitaa ya bandarini. MAS ilifungua mwaka 2020 maonyesho juu ya sanaa ya Kongo iliyomo mjini, na wale saba wakakumbukwa. Mwaka huohuo sanamu ya Leopold wa Pili iliondolewa katika kitongoji cha Ekeren. Hatua hizo si haba. Hata hivyo maelezo ya makumbusho mapya yana hatari yake: yanamtaja Mkongo pale anapoteswa au anapokufa, na mara chache pale anapotazama. Baharia aliyeshuka katika Scheldt kwa miaka ishirini alikuwa na maoni yake juu ya mji huo. Maoni hayo hayamo katika kibao chochote.

Oostende, mji wa pwani ya Ubelgiji, haukuwa bandari ya Kongo kwa maana ile ya Antwerpen. Ulikuwa mahali pa kupumzikia pa Leopold wa Pili, na baraza zake ndefu za ufukoni husifiwa na vitabu vya watalii kama kazi ya mfalme mjenzi. Fedha za ujenzi wake nyingi hazitajwi zilikotoka. Juu ya ufuko kuna mnara wa ukumbusho wa mwaka 1931: mfalme juu ya farasi, upande mmoja wavuvi wa Oostende wakimshukuru, upande wa pili Wakongo wakimshukuru. Mwaka 2004 kikundi cha wanaharakati kilikata kwa msumeno kiganja cha sanamu mmoja wa Wakongo hao wa shaba, na mkono huo ukabaki umekatwa kwa miaka mingi. Baadhi walikiita kitendo hicho uharibifu. Kwa mizani ya uhakiki ni usomaji sahihi kuliko maandishi mengi yaliyotangulia, maana mnara ulikuwa na kosa la maudhui, na waliokata walilionyesha mahali pake hasa bila kuongeza kitu. Tofauti yake na mkono wa Antwerpen ni wazi. Kule mtazamaji analeta Kongo kutoka nje ya kazi ya msanii. Oostende Kongo imo ndani ya kazi yenyewe, ikiwa imepiga goti.

Limebaki suala la Kiswahili katika bandari hizo, maana kilifika. Hamburg ilianzisha Kolonialinstitut mwaka 1908, na mwaka 1909 Carl Meinhof, ambaye kila mwanafunzi wa isimu ya Kibantu analijua jina lake, alipata huko nafasi ya ualimu wa lugha za Afrika. Chuo kikuu chenyewe kilifuata mwaka 1919. Antwerpen ilikuwa na chuo cha kikoloni tangu mwaka 1920, ambamo watawala waliotumwa Kongo walifundishwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine za nchi. Si kwa bahati kwamba lugha hizo zilifundishwa palepale meli zilipong'oa nanga. Kiswahili cha bandari za kaskazini kilikuwa lugha ya waendao: ya kuamrisha mizigo, kuhesabu watu, kuuliza njia na kodi. Salme alikuwa Hamburg karibu miaka arobaini kabla ya darasa hilo, akiwa na lugha hiyo nzima kichwani, na hakuna aliyemhitaji kwa ajili yake.

Upo mfano mmoja wa kinyume. Selim bin Abakari, Mngazija aliyemtumikia Mjerumani Bumiller, alisafiri naye mwaka 1896 kwenda Urusi na Siberia, akapita Petersburg, bandari nyingine ya kaskazini, na habari ya safari hiyo ipo kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1901 na Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili wa Berlin, pamoja na habari za safari za bara. Ni maandishi yanayostahili makala yake yenyewe. Hapa inatosha kusema kwamba aliyoyapata Selim na kukosa Salme ni msomaji wa Kiswahili, na kwamba msomaji huyo alikuwa Mjerumani anayejifunza lugha ili aende Afrika ya Mashariki. Mgeni aliandika aliyoyaona. Mwenyeji akayafanya mazoezi ya sarufi. Wanafunzi wa Kongo wanaoyasoma maandishi hayo leo kwa ajili ya vitenzi vyake tu wanafuata, bila kujua, mpango wa somo wa mwaka 1901.

Chuo cha Antwerpen kilifungwa mwaka 1962. Majengo yake yaliyoko Middelheim yamo sasa katika chuo kikuu cha mji huo. Vitabu vya watalii vinaitaja Middelheim kwa sababu ya bustani yake ya sanamu, na vinashauri kwenda mchana, wakati wa kiangazi.